Moyo nao hupata saratani, ila kuigundua ni kazi

Saratani ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya koo: hizo watu wa Chamwino wanazisikia sana redioni. Ya moyo je? Ipo. Ila ni adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kukutana nayo.

Sababu ni moyo wenyewe. Saratani huanza seli zinapogawanyika ovyo, na seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hugawanyika kwa nadra mno. Ndiyo maana saratani nyingi zinazokutwa moyoni zimesafiri kutoka kwingine, kama mapafu au matiti.

Kwa uvimbe unaoanzia moyoni kwenyewe, mwingi si saratani. Unaoongoza kwa watu wazima ni miksoma, ambao mara nyingi hukaa chumba cha juu kushoto. Si wa kudharau lakini: kipande kikimeguka kikafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Saratani halisi kwa kawaida huwa sakoma, hasa anjiosakoma, inayopenda chumba cha juu kulia na kusambaa haraka.

Kasheshe ni dalili. Mtu anahema akibeba ndoo ya maji, miguu inavimba, kifua kinabana, wengine wanazimia. Yote hayo hutokea pia kwa mwenye moyo uliochoka kwa sababu ya presha. Tena saratani hii hujaza maji kwenye mfuko unaozunguka moyo, na Afrika chanzo kikuu cha maji hayo ni TB. Kwa hiyo mgonjwa kuanzishiwa dawa za TB ni jambo linaloeleweka. Shida ni pale wiki zinapita, maji yanarudi, mengine yana damu, na hakuna anayeuliza tena.

Kipimo cha kwanza ni eko, mashine ya mawimbi ya sauti kama ile ya wajawazito. Haiumi, haina mionzi, na inaonyesha moyo ukipiga. Kipimo cha umeme wa moyo peke yake hakiwezi kuthibitisha uvimbe. Baadaye hufuata CT scan au MRI, kisha kinyama kupimwa maabara, ambako ndiko jibu la uhakika hutoka.

Kutoka Chamwino, huduma za kibingwa za moyo zipo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Unayetumia dawa za TB ya moyo na huoni nafuu, usiziache mwenyewe. Rudi kwa daktari, muulize kama eko inahitaji kurudiwa.