Kuchelewa, Kukawia, Kucheleweshwa: Juu ya Masomo Yasiyokwisha kwa Wakati

Makala haya yanahusu swali ambalo mwanachuo wa kwetu huulizwa kila anaporudi nyumbani: «Mwanangu, masomo hayajaisha tu?» Anayeuliza ni baba mdogo au mjomba aliyetoa sehemu ya karo, naye ana haki ya kuuliza. Mwanachuo hujibu kwa neno moja: «Nimechelewa.» Tunakusudia kulichunguza jibu hilo, kwa kuwa tunaona linamtia hatiani mtu ambaye mara nyingi hana hatia.

Kiswahili kina vitenzi kadhaa kwa jambo hili, wala havilingani. Kukawia ni kutumia muda mrefu kuliko uliotazamiwa. Aliyekawia njiani twamdhania kuwa alisimama kuzungumza. Kuchelewa ni neno la namna nyingine. Mzizi wake ni ule tunaousikia katika «kumekucha», na umbo lake ni la kutendewa: aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni mtu aliyepambazukiwa kabla hajafika. Kisha kuna kucheleweshwa, ambapo mtendaji yupo, ingawa sarufi inaturuhusu tusimtaje.

Na katika historia ya vyuo vyetu watendaji ni wengi. Mnamo Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka 1969, wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Agosti ya mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, vitivo vikahamishwa, na kile cha Fasihi kikaletwa Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa, damu ikamwagika, chuo kikafungwa. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga milango ya madarasa nchini kote. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma na Bukavu, na masomo yakakatizwa. Katikati ya matukio hayo makubwa ipo migomo ya walimu ambao mshahara hauwatoshi hata kwa nauli. Hapo ndipo mwaka wa masomo huvutika kama mpira, na mtu aliyejiandikisha kwa miaka 5 akajikuta katika wa 7 au wa 8 bila kushindwa mtihani hata mmoja.

Wapo wanaokawia kweli, tusiwafiche. Lakini hata kwao utaratibu wa zamani ulikuwa mkali. Chini ya gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2, aliyeshindwa katika kipindi cha pili cha mitihani aliweza kulazimika kurudia mwaka mzima, pamoja na masomo aliyokwisha kuyafaulu. Utaratibu mpya, ulioanza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnamo 2021-2022, unahesabu krediti: 180 kwa lisansi ya miaka 3, kisha masta ya miaka 2. Krediti iliyopatikana haipotei. Ni nafuu kubwa, ila krediti haipatikani ikiwa mwalimu wa somo anafundisha katika miji mitatu na hajafika kwetu.

Inabaki tasnifu. Hapa mwaka hauvutwi na vita wala na Serikali. Huvutwa na meza ya msimamizi. Mwanafunzi amekwisha kufaulu masomo yote, amelipa ada zote, jamaa zake wamekwisha kutafuta kitambaa cha sherehe, na sura zake zimelala chini ya karatasi nyingine. Bila shahada hawezi kuomba kazi inayodai shahada, na mdogo wake aliyeanza nyuma yake huenda akamtangulia kuajiriwa. Kila mwaka mpya anatakiwa kujiandikisha tena, yaani kulipa tena, kwa kazi ambayo upande wake imekwisha.

Mwandishi wa mistari hii amewahi kukaa na sura mbili za mwanafunzi mmoja kutoka Pasaka hadi Noeli. Tulikuwa na sababu, kama kila msimamizi alivyo na sababu: madarasa, safari, maradhi ya nyumbani. Mwanafunzi alipoitwa mwishowe alisimama mlangoni, akapokea karatasi zake kwa mikono miwili, akasema: «Nisamehe, Profesa, nimechelewa.» Sisi tunaofundisha kauli za vitenzi hatukumsahihisha.