Windows 10 imekoma, lakini usiache mbachao kwa msala upitao

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao bado uko kwenye kompyuta nyingi za hapa kwetu Pwani. Tangu hapo swali ninaloulizwa sana, hata na watu wanaoijua kompyuta vizuri, ni hili: fundi ameniambia mashine yangu haipokei Windows 11, je, ninunue nyingine? Jibu langu ni kuwa wengi wenu hamna haja ya kununua, angalau si sasa. Ila mbachao huo wa zamani unahitaji kutengenezwa, na kazi yenyewe ina utaratibu wake. Haya ninayoandika ni ya mtu anayeweza kuingia kwenye BIOS na kuandika amri bila kushikwa mkono.

Kilichokoma ni nini?

Kompyuta itaendelea kuwaka na programu zako zitafunguka. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija bure kila mwezi. Ubaya wa jambo hili hauonekani siku ya kwanza. Kumbukeni kirusi cha WannaCry. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lile Machi 2017. Kirusi kililipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo, kikaingia nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Waliokwisha kuweka kiraka walisalimika. Kirusi kile hakikumngoja mtu abonyeze kiungo kibaya, kilikuwa kikiruka kutoka mashine moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja. Kwa hivyo mwenye saiba au ofisi yenye kompyuta sita kwenye waifai moja, mashine moja isiyo na viraka ni mlango wa zote sita. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, nakala

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya kila kilicho chako: hati za shamba ulizopiga skani, hesabu za duka, orodha za wanafunzi wa madrasa, picha za harusi. Kwenye diski ya nje, mimi hutumia robocopy kuliko kukokota folda kwa kipanya, kwa sababu kukokota kukikatika katikati hujui kilichobaki. Mfano:

robocopy C:\Users\jina E:\nakala /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

/E hubeba folda zote za ndani, /XJ huziruka njia za mkato zinazoweza kukuzungusha bila mwisho, na /R:1 huizuia amri isikwame kwenye faili moja bovu. Mwisho soma ripoti uone faili zilizoshindikana. Jihadhari na /MIR, kwani hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea kupanga pande, kazi imekwisha.

Mambo mawili husahauliwa. La kwanza ni maneno ya siri yaliyomo kwenye kivinjari, yakiwemo ya iTax na eCitizen. Yatoe au yahamishie kwenye programu ya kuhifadhi maneno ya siri. La pili ni BitLocker. Andika manage-bde -status kwenye dirisha la msimamizi. Ikiwa diski imefungwa, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS bila ufunguo huo, mashine inaweza kukuuliza, na ukikosa jibu data yote imepotea.

Kisha pima diski yenyewe kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikionyesha rangi ya manjano au nyekundu, hasa kwenye mistari ya 05 na C5 inayohesabu sekta mbovu, usisumbuke na mfumo mpya juu ya diski inayokufa. Badilisha diski kwanza. Na kama bado unatumia diski ngumu ya kuzunguka, hakuna pesa itakayokupa faida kubwa kuliko SSD. Mashine nyingi zinazoitwa nzito zina prosesa nzima, zinazocheleweshwa na diski.

Je, kweli haipokei Windows 11?

Hapa ndipo watu hudanganyika. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, mfumo wa UEFI wenye Secure Boot, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc. Ukiambiwa TPM haikupatikana, usikate tamaa. Mara nyingi ipo lakini imezimwa. Ingia kwenye BIOS utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, uwashe.

Halafu fungua msinfo32 utazame BIOS Mode. Ikisema Legacy, usikimbilie kubadilisha kuwa UEFI, kwani Windows haitawaka. Geuza kwanza mpangilio wa diski. Kwenye dirisha la msimamizi andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Hapo ndipo uingie BIOS uchague UEFI na Secure Boot. Faili zako hubaki mahali pake, lakini nakala ile ya kwanza ndiyo bima yako.

Prosesa ndiyo isiyo na dawa. Soma namba yake: i5-7200U ni kizazi cha 7, imeanguka. i5-8250U ni cha 8, imepita. i5-10210U ni cha 10.

Ikianguka, njia zipo

Njia ya kwanza ni viraka vya nyongeza vya Microsoft, vinavyoendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Vinahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Bei yake ni dola 30, lakini ni bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kiungo cha kujiandikisha kiko ndani ya Windows Update. Angalia usiwashe pia uhifadhi wa picha na nyaraka zote, kwani nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu na itajaa mara moja. Njia hii inakununulia muda wa kujipanga, basi.

Njia ya pili ni Linux Mint, ninayoipendelea kwa mashine nzima iliyokataliwa kwa sababu ya umri. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029 na halilipiwi. Chukua flashi ya GB 8, iandike kwa Rufus, kisha uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Jaribu waifai, sauti, printa na kamera. Vikifanya kazi hapo, kwa kawaida vitafanya kazi baadaye. Kwa kivinjari, barua, video na LibreOffice, hutakosa kitu. Lakini niseme wazi: Photoshop na Office ya Microsoft ya kusakinisha hazitaingia, na fomu za Excel zenye makro huenda zikagoma. Mhasibu au mwenye studio ya picha za harusi asihamie kabla ya kujaribu kazi yake halisi kwa wiki moja.

Njia ya tatu ni kuipenyeza Windows 11 kwa nguvu. Rufus hiyohiyo inaweza kuondoa sharti la TPM wakati wa kuandika flashi. Inawaka, na viraka huwa vinakuja. Tatizo ni kuwa Microsoft haikuahidi chochote, na kila toleo jipya la mwaka linaweza kukukatalia ukalazimika kulipenyeza tena. Kwa mashine ya kuchezea, sawa. Kwa kompyuta yenye pesa za watu, siishauri.

Ukiamua kununua

Kwa yule ambaye mashine yake imechoka kweli, soko la mitumba ni zuri, ila lina mtego. Kwa njia hiyo ya tatu, muuzaji anaweza kuweka Windows 11 kwenye mashine isiyostahili, na wewe ukaona kioo kinang'ara ukatoa pesa. Kuona Windows 11 ikiwaka si ushahidi. HP EliteBook 840 G4 na Lenovo ThinkPad T470 ni mashine imara, lakini prosesa zao ni za kizazi cha 6 au 7. 840 G5 na T480 nyingi ni kizazi cha 8, ingawa si zote, kwa hivyo soma namba ya prosesa wewe mwenyewe kwenye msinfo32, papo hapo dukani. Fungua na tpm.msc uone imeandikwa 2.0. Hata ukipenda kuweka Linux, vipimo hivi vitakusaidia kujadiliana bei, kwani mashine ya kizazi cha 7 haistahili kulipiwa sawa na ya kizazi cha 8.

Na hiyo ya zamani usiitoe wala kuiuza kabla hujaifuta diski yake. Kufuta faili kwenye pipa la taka hakutoshi. Itoe diski ubaki nayo, au ifute yote kwa programu ya kufutia. Hati za shamba na namba za vitambulisho vya familia yako hazipaswi kusafiri na mashine kwenda kwa mtu usiyemjua.