Tusitegemee Mkondo Mmoja: Kutafuta Vyanzo Mbalimbali vya Fedha



Mkulima wa bonde la Rufiji hategemei msimu mmoja. Hupanda mpunga bondeni akitumaini mafuriko ya kiasi. Mafuriko yakizidi na kuusomba mpunga, husubiri maji yashuke, kisha hupanda mlau, yaani mahindi na kunde katika udongo uliobaki na unyevu. Huku juu kwenye mchanga ana mikorosho na minazi. Mwaka 2024 mafuriko yalipoharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, aliyekuwa na bonde tupu aliumia kuliko aliyekuwa na mikorosho pia.

Sisi tunaofanya kazi za huduma hapa Mtawanya tuna la kujifunza. Miradi mingi ya hisani huishi kwa mfadhili mmoja, naye akiondoka, wanaoumia kwanza ni wale tuliowaahidi msaada.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikoma kuendesha miradi. Februari 2025 Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Maamuzi hayo yalifanyika mbali, bila kuuliza kama mradi wa kijijini unafanya vizuri au vibaya. Uaminifu wetu katika kazi ni wa lazima, lakini peke yake hauzuii fedha kukatika.

Tuchukue mfano wa kituo cha malezi ya watoto chenye bajeti ya shilingi milioni 12 kwa mwaka. Mfadhili mmoja akitoa milioni 10, siku akiondoka kituo kinafungwa. Lakini akitoa milioni 5, mfadhili wa pili milioni 2, parokia milioni 2, wazazi milioni 2 na mradi wa kituo milioni 1, akiondoka zinabaki milioni 7. Kituo kitabana matumizi, lakini uji wa watoto utaendelea kupikwa wakati kamati inatafuta njia nyingine.

Vyanzo vya kuangalia

1. Jamii yenyewe. Watu wetu wanachangia harusi na misiba kila wiki, kwa hiyo moyo wa kutoa upo. Kinachotakiwa ni kuomba kwa wakati wake. Anayeuza ufuta au korosho ana fedha baada ya mauzo, si wakati wa palizi. Tupange harambee kwa kalenda ya mavuno. Tupokee pia nazi, mchele, tofali na siku za kazi, na vyote viandikwe kwa thamani yake.

2. Wana wa Kibiti walioko mbali. Wengi wako Dar es Salaam na kwingineko. Mchango mdogo wa kila mwezi kwa simu ni wa kutegemewa kuliko ahadi kubwa ya mara moja. Namba ya kupokelea iwe ya taasisi, si ya mtu binafsi.

3. Mali inayozaa. Majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa, wana mapokeo ya wakfu: nyumba au shamba la minazi hutengwa, mapato yake yakatumika kwa kazi ya heri na mali yenyewe ikabaki. Kamati yenye kiwanja au mikorosho inaweza kufuata njia hiyo.

4. Miradi ya biashara. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa mwaka 1972, limejenga biashara zake, yakiwemo maduka ya kazi za mikono, ambazo faida yake husaidia huduma. Lakini tuwe waangalifu. Kuku hufa na mashine huharibika. Mradi uanze mdogo, uwe na msimamizi anayejua kazi hiyo, na mtaji usitoke katika fedha iliyotolewa kwa ajili ya watoto au wagonjwa.

5. Serikali. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, ikaundwa tume ya CSSC. Kwa ushirikiano wa namna hiyo, hospitali nyingi za makanisa zimepata watumishi na ruzuku. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo ni mkopo kwa vikundi, si msaada kwa kamati, lakini tunaweza kuvisaidia vikundi kuandaa maombi.

Gharama ya kuwa na vyanzo vingi

Kila mfadhili ana fomu yake na tarehe yake ya taarifa. Kamati yenye mhasibu mmoja haiwezi kuhudumia wafadhili kumi. Vyanzo vinne au vitano vinavyotunzwa vizuri vinatosha. Tena si kila fedha ni ya kupokea: mfadhili anayetaka tuache walengwa wetu ili tufuate mpango wake anatutoa kwenye njia.

Msingi wa yote ni hesabu safi. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya waumini na kubandikwa ubaoni. Mwanakijiji aliyetoa shilingi elfu moja ana haki ya maelezo sawa na aliyetuma milioni kutoka ng'ambo.

Kwenu wafadhili, tunaomba mambo mawili: mtujulishe mapema mnapopanga kupunguza msaada, na mruhusu sehemu ndogo ya fedha itumike kwa uhasibu na mafunzo. Hapo ndipo uwezo wa kujitegemea unapoanzia.

Maswali ya kujadili katika kamati

• Ni sehemu gani ya bajeti yetu inatoka kwa mfadhili mkubwa kuliko wote?
• Akiondoka mwezi ujao, huduma ipi itasimama kwanza, na ni nani ataumia?
• Ni chanzo kipi kimoja kipya tunaweza kukianza kabla ya msimu ujao wa korosho?