Alama za Mwanafunzi: Jinsi Zinavyopimwa

Muhula ukiisha, mwanafunzi hurudi nyumbani na karatasi ya ripoti. Baba huifungua, huitazama juu na chini, kisha huuliza swali moja: "Umekuwa wa ngapi?" Zamani swali hilo lilitosha. Lakini kwa mtoto aliye katika Gredi ya 7, 8 au 9 halitoshi, kwa sababu alama hazipimwi tena kwa njia ile ya zamani. Mzazi asiyejua mabadiliko haya aweza kumkaripia mtoto bure, au kumpotezea nafasi ya masomo bila kukusudia. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe wazi.

NJIA YA ZAMANI

Tangu mwaka wa 1985 mpaka mwaka wa 2023, mtoto aliyemaliza darasa la 8 katika Kenya alifanya mtihani wa KCPE. Mtihani huo ulikuwa wa siku chache tu, na siku hizo ndizo zilizoamua ataitwa shule gani ya sekondari. Kazi alizofanya darasani kwa miaka 8 hazikumwongezea hata alama moja. Kama aliamka na homa asubuhi ya mtihani wa hesabu, shauri lake lilikuwa limekwisha.

NJIA YA SASA

Katika mtaala mpya, ulioanza kutumiwa mwaka wa 2017, alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu hutoka katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mtihani wa KPSEA wa mwisho wa Gredi ya 6, nao huleta alama 20 katika 100. Fungu la pili ni kazi zinazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, nazo huleta 20. Fungu la tatu ni mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, nao huleta 60.

Hilo fungu la pili ndilo wazazi wengi wasilolijua. Kazi hizo hutoka kwa Baraza la Mitihani, lakini anayezisimamia ni mwalimu wa darasa lenyewe. Nyingine huandikwa, nyingine husemwa kwa mdomo, na nyingine ni za mikono. Tuchukue mfano wa kupanda mboga. Mwalimu hatazami mboga zilizokomaa peke yake. Hutazama jinsi mtoto alivyotayarisha udongo, alivyotunza miche, na alivyoandika maelezo ya kazi yake. Hufuata mwongozo wa kutoa alama, kisha alama hizo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani na kuwekwa.

Basi mtu asidhani kwamba alama hizi hutolewa kwa kuketi darasani tu, au kwa kunyoosha mkono mara nyingi. Hutolewa kwa kazi iliyofanywa na kuonekana. Walakini mtoto ambaye hayupo hawezi kuifanya.

HESABU YAKE

Tuseme wanafunzi wawili walipata 70 katika 100 kwenye KPSEA, na wote wawili wakapata 50 katika KJSEA. Kila mmoja ana 14 za fungu la kwanza na 30 za fungu la tatu, yaani 44. Sasa yule wa kwanza alifanya kazi zake zote za shuleni akapata 80 katika 100. Hizo ni 16, na jumla yake ni 60. Wa pili alikuwa akizuiliwa nyumbani kila msimu wa mavuno, akapata 30 tu. Hizo ni 6, na jumla yake ni 50. Akili zao katika mtihani zilikuwa sawa. Tofauti ya alama 10 ililetwa na siku alizokosa shule.

HERUFI ZA RIPOTI

Badala ya nafasi, ripoti huonyesha herufi. EE maana yake mtoto amezidi yaliyotarajiwa. ME ameyafikia. AE anayakaribia. BE yuko chini yake. Katika KJSEA kila daraja limegawanywa mara mbili, kuanzia EE1 yenye pointi 8 mpaka BE2 yenye pointi 1. Mtoto aliyeandikiwa AE hakuanguka. Anahitaji msaada katika somo lile.

Kwa wale walio bado katika mtaala wa zamani, mtihani wao ni KCSE, ulioanza mwaka wa 1989. Humo gredi A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Masomo 7 huhesabiwa, na jumla ya juu kabisa ni 84. Mtihani huo umepangwa kufanywa mara ya mwisho mwaka wa 2027.

AFANYE NINI MZAZI?

Kwanza, amwulize mtoto kila muhula: "Ni kazi gani zinazopimwa sasa, na umefanya ipi?" Pili, asimzuie nyumbani kwa mavuno, soko au kulea mdogo wake. Na akiugua, mwalimu aarifiwe mapema. Tatu, asimfanyie mtoto kazi yake wala kumnunulia iliyokwisha kutengenezwa. Atapata alama leo, na kesho hatakuwa na ujuzi. Nne, asipoielewa ripoti, aende shuleni akaulize. Kuuliza si aibu.

Zamani mtoto alipimwa kama mavuno, mara moja mwisho wa msimu. Sasa anapimwa tangu kupanda na kupalilia. Mkulima yeyote anajua ni wakati gani shamba huhitaji kutazamwa zaidi.