Ndoo, Dumu au Kasha la Fundi: Kiota Kipi Kina Nafuu?

Mwenye kuku 20 wanaotaga hahitaji viota 20. Kiota kimoja hutosha matetea wanne hadi watano, kwa hiyo vinne au vitano vitawatosha wote. Kazi ni kuchagua cha kuvitengenezea, na hapo wengi hutazama bei ya dukani tu. Lakini kiota hununuliwa mara moja na kuoshwa mara nyingi, na kile chenye usumbufu kukiosha mwishowe hakioshwi kabisa.

Kasha la mbao. Ni imara na lina nafasi, ila ndilo ghali kuliko yote. Ubaya wake ni nyufa. Utitiri hujibanza kwenye viungo vya mbao mchana, usiku ukatoka kunyonya damu ya kuku. Brashi haifiki humo, mbao ikilowa hukawia kukauka, na kasha lililopigiliwa ukutani huwezi kulitoa nje kulianika.

Dumu la mafuta ya kula, lita 20. Ni rahisi kupatikana na likilazwa halibingiriki. Kata upande wa kitako, ubakize ukingo wa sentimita 10 hivi chini ili maranda na mayai yasimwagike. Ncha zilizokatwa zipige msasa, au zivishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, zisije zikamkata kuku. Kasoro zake ni mbili: huwabana chotara wakubwa, na mkono wake una uwazi ndani ambamo uchafu huingia usitoke.

Ndoo ya rangi ya maji, lita 20. Mdomo wake una upana wa sentimita 30 hivi, na ndani hakuna kiungo cha kuficha wadudu. Kukata ni kudogo: gawa mfuniko nusu kwa nusu, kisha rudishia kipande kimoja upande wa chini, nao ukingo umepatikana. Siku ya usafi unabandua kipande hicho, unamwaga maranda, unasugua kwa maji ya moto na sabuni, unaanika juani. Kwa kuwa hubingirika, pigilia mabanzi mawili kwenye rafu ndoo ikae katikati yake. Toboa matundu madogo nyuma yapitishe hewa, maana plastiki chini ya bati hushika joto.

Boksi la karatasi. Ni la bure, nalo linamfaa tetea anayeatamia. Vifaranga wakishatoka, lichome pamoja na nyasi zake.

Hesabu yake

Bei hutofautiana mtaa na mtaa, kwa hiyo chukua hii kama mfano, kisha weka bei za kwenu. Tuseme fundi anataka shilingi 60,000 kwa kasha la matundu manne. Ndoo nne kwa 4,000 kila moja ni 16,000. Ongeza 8,000 za mbao na misumari, jumla 24,000. Madumu manne kwa 3,000 ni 12,000, na mbao za 5,000, jumla 17,000. Dumu limeshinda kwa shilingi 7,000, lakini ndoo inazirudisha kwa wepesi wa kuosha na kwa mayai yanayotoka safi. Ukiongeza ndoo ya tano ya akiba, unaingiza safi palipotoka chafu, na kuku hawakosi pa kutagia.

Uamuzi

Mwenye kuku wachache wa kienyeji na mfuko mwembamba achukue madumu. Mwenye chotara au anayeuza mayai achukue ndoo. Kasha la mbao lifikirie tu ikiwa mbao unazo tayari, na lifungwe kwa skrubu ili lifunguke.

Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au oili usikitumie, hata kama umepewa bure. Na fito za kulalia ziwe juu kuliko viota. La sivyo kuku watalala humo, wavijaze kinyesi, nawe utaosha kila asubuhi.