Kimeo, Mafindofindo na Nyama za Pua: Istilahi na Ridhaa ya Upasuaji kwa Watoto Wanaokoroma

Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, kinywa wazi, pumzi ikimkatika kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka akitweta, mara nyingi husemwa nyumbani kuwa amelala fofofo. Kitabibu, huo si usingizi mzuri. Chanzo cha kawaida utotoni ni kukua kupita kiasi kwa tonsili, zilizo pande mbili za koo, na adenoidi, iliyo nyuma ya pua juu ya kaakaa laini. Misuli ya koo inapolegea usingizini, njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba huziba. Tiba ya kwanza kwa mtoto ambaye tatizo hilo limethibitishwa ni kuziondoa tishu hizo kwa upasuaji.

Kabla ya kisu, hata hivyo, kuna majina. Katika Kiswahili, mafindofindo hutaja kiungo na vilevile ugonjwa wake. Mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe “ana mafindofindo” hajui kama ameelezwa maambukizi yanayotibika kwa dawa au kiungo kinachoziba hewa. Adenoidi huitwa nyama za pua, jina linalobebeshwa pia vivimbe vingine vya ndani ya pua. Utata wenye madhara zaidi ni wa kimeo. Kimeo, au kilimi, ni kinyama kinachoning’inia mwisho wa kaakaa laini. Waganga wa jadi hukikata kwa watoto wenye kikohozi kisichokoma, na desturi hiyo haiishii Tanzania: Rwanda na Burundi kiungo hicho ni ikirimi, na tendo lenyewe ni guca ikirimi. Kilimi na ikirimi ni ndugu, yote mawili yakitokana na shina la ulimi. Basi hata dhana imevuka mpaka pamoja na neno.

Kukata kimeo hakugusi tonsili wala adenoidi, na kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi. Daktari anaposema “tutamkata kooni,” mzazi husikia jambo analolijua. Akikubali, amekubali asichokielewa. Akikataa, huenda anamkumbuka mtoto wa jirani aliyevuja damu kwa mganga.

Ridhaa hiyo inahitaji maelezo makini kwa kuwa faida ya upasuaji ina mipaka. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9 waligawanywa: wengine walifanyiwa upasuaji mapema, wengine waliangaliwa tu. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilirejea hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya kundi la kwanza na asilimia 46 ya kundi la pili. Dalili, tabia na ubora wa maisha viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ila si kipimo kikuu cha umakini na utendaji wa akili. Kwa hiyo kumwahidi mzazi kuwa mtoto ataongoza darasani ni kuvuka ushahidi. Tena, karibu nusu ya walioangaliwa tu walipata nafuu kwenye vipimo. Kusubiri chini ya uangalizi nako ni chaguo pale tatizo lisipokuwa kali.

Baada ya upasuaji, damu huweza kutoka siku hiyohiyo au wiki moja baadaye, gamba la kidonda linapobanduka, wakati familia imekwisha kurudi nyumbani. Kodeini haifai kwa maumivu ya watoto hawa: miili ya baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini upesi mno hadi pumzi ikazimika, na sifa hiyo ya kurithi imeonekana kwa wingi zaidi Ethiopia kuliko Ulaya.

Fomu ya ridhaa ya Kiswahili ingeweza kuyabeba haya kwa maneno machache: itumie tonsili na adenoidi kwa viungo, iache mafindofindo kwa ugonjwa, iweke mchoro wa koo, na iandike wazi kwamba kimeo hakitakatwa.