"Roughen" ipo, "dryen" haipo: acheni kukariri

Swali ni lile lile, na siku hizi huulizwa hata na walimu. Ikiwa Kiingereza kina "roughen", yaani kukwaruza au kukifanya kitu kikwaruze, kwa nini "dryen" ni kosa? Anayeuliza huwa tayari amejijibu: Kiingereza hakina mpango, dawa yake ni kukariri. Basi mtoto wa shule hurudi nyumbani na orodha ndefu ya vitenzi, aikariri usiku, na kufikia Ijumaa imemtoka.

Dawa hiyo haiponyi. Tena inamficha mwanafunzi kanuni ambayo sikio lake lingeinasa kwa dakika chache.

Kiambishi "-en" kinasikiliza sauti ya mwisho ya kivumishi. Hupenda kivumishi cha silabi moja kinachoishia kwa kipasuo au kikwamizo, sauti ambazo hewa yake huzibwa au hubanwa kinywani: p, t, k, d, f, s na wenzao. "Rough" huishia kwa f, ingawa tahajia yake inaficha jambo hilo, na ndiyo sababu tuna "roughen". "Coarse" huishia kwa s, tukapata "coarsen". Kikiishia kwa irabu, au kwa m, n, ng' au l, mlango umefungwa, na mara nyingi kivumishi chenyewe hugeuka kitenzi bila kuongezwa chochote: "dry", "slow", "dim", "cool". Mchuzi ukiwa mzito, kitenzi ni "thicken". Ukiongezwa maji ni "thin" tu. Tazama rangi pia. "Blacken", "whiten" na "redden" zipo; kijani, buluu, kahawia na manjano hazikupata, kwa sababu "green", "blue", "brown" na "yellow" haziishii kwa sauti zinazotakiwa.

Mbishi ataleta "lengthen" na "strengthen". Alete! "Long" na "strong" huishia kwa ng', kwa hiyo kiambishi kiliviacha vivumishi kikashika nomino, "length" na "strength", ambazo huishia kwa th. "High" huishia kwa irabu, na kitenzi kikatoka kwenye "height". Lugha isiyo na mpango haihangaiki hivyo. Ni kweli, "wet" huishia kwa t na bado hakuna anayesema "wetten", na "quieten" ya Waingereza imetoka kwenye neno la silabi mbili. Vighairi hivyo vinajifunzwa kwa dakika moja. Havihalalishi kumkaririsha mtoto kamusi.



Sasa matumizi, kwa haraka. Kiswahili hutenganisha "lainisha" na "lainika". Kiingereza hubebesha kitenzi kimoja kazi zote mbili. Fundi anayegonga nguzo ya zege kwa tindo ili plasta ishike, kazi yake ni "roughen"; bahari ya Mombasa ikichafuka kwa upepo wa kusi, nayo ni "roughen", bila mtendaji mwingine. Mikono ya mfua nguo na sauti ya mgonjwa wa koo huingia hapo hapo. Lakini "the sea became roughen" ni kosa, kwani "became" hudai kivumishi: "rough". Mtu akipigwa au kusukwasukwa, andika "roughed up", kama magazeti ya Nairobi yanavyoandika kila msimu wa uchaguzi; "they roughened him" ingemaanisha wamemkwaruza ngozi kwa msasa. "Coarsen" hufaa kitambaa, na zaidi lugha na tabia zinazopoteza staha. Na mechi ikigeuka ya mateke, "the game got rough" inatosha. Kutoka kwenye "rough" hiyo hiyo Kiswahili cha kandanda kilipata rafu.